Al-Razi, tabibu aliyeanza na chakula kabla ya dawa

KATIKA miji yetu hivi sasa si rahisi kumaliza mtaa mmoja bila kukutana na meza ya dawa za asili. Habbat soda, asali, mafuta ya zeituni, unga wa mlonge, na pembeni chupa ambayo karatasi yake inataja maradhi thelathini, kuanzia kisukari hadi kukosa mchumba. Muuzaji akiulizwa ushahidi, hujibu kuwa hii ni tiba ya Kiislamu, na kwamba kitu cha asili hakina madhara. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutaja majina ya matabibu wetu wakubwa wa zamani, al-Razi akiwa mmojawapo. Swali la kujiuliza, ndugu msomaji, ni je, al-Razi angekubali jina lake litajwe juu ya chupa ile?

Abu Bakr Muhammad ibn Zakariyya al-Razi alizaliwa takriban mwaka 865 katika mji wa Rayy, jirani na Tehran ya leo, na kutokana na mji huo ndipo akaitwa al-Razi. Hakuanza na utabibu. Ujanani alipiga udi, kisha akazama katika kemia ya zama zile, na tiba aliiendea akiwa tayari mtu mzima. Aliongoza hospitali ya mji wake, baadaye akaongoza hospitali Baghdad. Kipo kile kisa maarufu kwamba alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za Baghdad, akachagua kujenga hospitali pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Sisi walimu tunakipenda sana kisa hicho, lakini hospitali ya Adudi inayotajwa humo ilifunguliwa zaidi ya nusu karne baada ya kufa kwake. Tukisimulie kwa tahadhari.

Kilicho madhubuti zaidi ni habari za baraza lake. Alikaa na wanafunzi mbele yake, nyuma yao wanafunzi wa wanafunzi hao. Mgonjwa akija, walianza kumsikiliza wale wa nyuma. Wakishindwa, akapelekwa kwa walio mbele yao. Wote wakishindwa ndipo al-Razi mwenyewe akasema. Masikini aliwatibu na kuwasaidia kwa mali yake.

Ni kwa ajili ya watu kama hao aliandika kitabu ambacho kila mwenye familia angependa kukijua, Man la Yahduruhu al-Tabib, yaani kitabu cha yule asiye na tabibu wa kumhudumia. Wengine walikiita tiba ya masikini. Humo aliyapitia maradhi ya kawaida na kuyaelekezea dawa zinazopatikana jikoni na sokoni, ili msafiri, au mtu aliye mbali na mji, asikwame. Aliandika pia kitabu kizima juu ya manufaa ya vyakula na namna ya kuyaepuka madhara yake. Kanuni aliyojulikana nayo ni kwamba ugonjwa unaoweza kutibika kwa chakula usitibiwe kwa dawa, na unaotosheka na dawa moja usipewe mchanganyiko wa dawa nyingi.

Mpaka hapo muuzaji wetu atafurahi. Lakini tusome zaidi.

Yule yule aliyesifu chakula alisema wazi kuwa chakula kina madhara yake. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi alikuwa akipata mafua kila majira ya machipuko anaponusa mawaridi, na al-Razi akaandika risala maalumu kueleza kwa nini. Leo tungesema ni aleji. Waridi ni la asili kabisa, tena linanukia vizuri, na bado lilimdhuru mtu. Ama zebaki, alimpa kwanza tumbili, akamtazama atakavyokuwa.

Hakuridhika hata na vitabu vya wakubwa. Galen wa Wayunani alikuwa ndiye mwisho wa maneno katika tiba, lakini al-Razi alitunga kitabu kizima cha kumtilia shaka, akieleza kuwa homa alizoziona kwa wagonjwa wake wa Baghdad na Rayy mara nyingi hazikwenda kama Galen alivyoandika. Alipotaka kujua kama kutoa damu kunazuia uvimbe wa ubongo, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wenye dalili zake na wengine akawaacha kwa makusudi ili alinganishe. Akaona kutoa damu kunafaa. Tiba ya leo haikubaliani na jibu lake, ila inaendelea kulinganisha makundi mawili kama alivyofanya yeye.

Kwa wazazi, kazi yake kubwa kuliko zote huenda ni risala ya ndui na surua. Alieleza kwa kina namna ya kuyatofautisha maradhi hayo mawili kwa dalili, na Ulaya waliifasiri na kuichapa kwa karne kadhaa. Tena aliandika juu ya sababu za watu kuwakimbia matabibu wazuri na kuwafuata matapeli, na kwamba hata tabibu hodari hawezi kuponya kila ugonjwa. Maneno hayo hayauzi chupa.

Itikadi yake ni jambo jingine. Zipo kauli juu ya utume alizonasibishiwa, ambazo Abu Hatim, wa mji huohuo wa Rayy, alizirudi vikali. Hapa tunachukua tiba yake tu.

Uzeeni alipofuka, na yeye mwenyewe alilaumu wingi wa kusoma na kuandika. Inasimuliwa kuwa alikuja mtu kumpasua macho, naye akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule hakujua. Al-Razi akakataa kupasuliwa, akafariki katika mji wake takriban mwaka 925. Maandishi yake ya kila siku juu ya wagonjwa yalibaki kwa dada yake, na waziri Ibn al-Amid ndiye aliyeyanunua, yakakusanywa na kuwa al-Hawi, kitabu kilichofasiriwa Kilatini mwaka 1279.