Mtakatifu Teresa wa Ávila na Miaka ya Kuonekana Mwema

Tumezoea kumwona Mtakatifu Teresa wa Yesu katika picha: kalamu mkononi, macho mbinguni, na Roho Mtakatifu kwa mfano wa njiwa karibu yake. Picha hiyo inaruka karibu miaka ishirini ya maisha yake, na ndiyo miaka tunayotaka kuitazama, kwani inatuhusu sana sisi tusiokosa Misa ya Dominika.

Teresa alizaliwa Ávila, Hispania, tarehe 28 Machi 1515, katika jamii iliyoweka heshima ya ukoo mbele ya mambo mengi. Babu yake, mfanyabiashara Mkristo mwenye asili ya Kiyahudi, aliadhibiwa hadharani mjini Toledo mwaka 1485 kwa kosa la kurudia desturi za dini ya wazee wake. Akahamia Ávila, na baadaye wanawe wakaenda mahakamani ili watambuliwe kuwa watu wa daraja la juu. Nyumba aliyokulia Teresa ilijua gharama ya kulinda sura mbele ya watu.

Mwaka 1535 aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Umwilisho. Tusidhani ilikuwa nyumba ya fedheha. Masifu yalisaliwa na mifungo ilishikwa. Hata hivyo, tabaka za mjini ziliingia pamoja na masista: wa ukoo mkubwa aliitwa kwa cheo chake na kuwa na vyumba vyake, huku wasio na kitu wakilala bwenini. Mwaka 1539 Teresa aliugua hata akadhaniwa amekufa, na kaburi likachimbwa. Alipona polepole, akawa kipenzi cha wageni sebuleni, kwa maana alijua kuzungumza. Saa zikapita katika maongezi, na sala ya moyoni ikamshinda. Mwishowe akaiacha kabisa kwa muda wa zaidi ya mwaka, akijiambia kwamba ni unyenyekevu: mtu kama yeye angewezaje kujisogeza karibu na Mungu?

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Teresa mwenyewe ndiye aliyemfundisha baba yake, Mzee Alonso, kusali kwa tafakari. Mzee akaendelea mbele huku mwalimu amesimama. Alipokuja kumtembelea na kuzungumzia sala, Teresa aliona aibu kumwacha aamini kuwa bado wako pamoja njiani, akamwambia kwamba haisali tena, ila akatoa sababu ya ugonjwa. Ni kweli alikuwa mgonjwa. Baba akamhurumia, akaamini. Tangu hapo hakukaa naye sana. Alimwona akaondoka, akihesabu maongezi marefu kuwa ni kupoteza muda. Katika mambo yote ya unafiki, hilo ndilo tunaloliogopa zaidi: neno la kweli linalotumika kufunika kweli nyingine.

Alonso alifariki mwaka 1543. Padre Mdominiko aliyekuwa muungamishi wake alimwamuru Teresa arudie sala wala asiiache tena. Akarudi, lakini kwa miaka mingi moyo ulivutwa huku na huku, mpaka mwaka 1554, akiwa na umri wa miaka 39, alipoanguka mbele ya sanamu ya Kristo aliyejaa majeraha, akakataa kuinuka bila kupewa nguvu mpya.

Tarehe 24 Agosti 1562 alifungua monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu. Wasichana wasio na mahari walipokelewa, na ukoo haukuwa na nafasi katika mazungumzo. Yeye mwenyewe aliacha jina la kifahari, akajiita Teresa wa Yesu. Baraza la mji lilimshtaki, likihofia nyumba isiyo na mapato, yenye kutegemea sadaka. Miaka tisa baadaye wakubwa walimrudisha Umwilisho awe mama mkuu, na baadhi ya masista wakamzuia mlangoni kwa makelele. Aliweka sanamu ya Bikira Maria katika kiti cha mama mkuu, naye akaketi miguuni pake. Twaona hapo busara iliyozidi amri nyingi.

Alifariki Alba de Tormes tarehe 4 Oktoba 1582, usiku ambao kalenda mpya iliufanya ufuatwe na tarehe 15. Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970.

Kitabu cha maisha yake kilichukuliwa na wachunguzi wa uzushi akiwa bado hai, kikachapishwa mwaka 1588. Alikiandika kwa utii, kwa ajili ya waungamishi wake, watu ambao angeweza kuwaficha mengi. Habari ya sebule, ya sala iliyoachwa na ya mzee aliyeamini udhuru wa binti yake imo katika sura ya 7, kwa mkono wake mwenyewe.