Mackinnon na Mizani ya Pesa

Mchumaji chai wa Sigowet apokeapo ujira wake huuita pesa kwa Kiswahili na rabisiek kwa Kikipsigis. Neno la kwanza limetokana na paisa ya Kihindi, la pili na rupia. Miongoni mwa walioziingiza sarafu hizo Afrika Mashariki ni Sir William Mackinnon, mfanyabiashara ambaye hakuwahi kuikanyaga Kericho.

Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Campbeltown, Scotland, akaanza maisha kwa kazi ya dukani. Mwaka 1847 alikwenda India, akashirikiana na Robert Mackenzie katika biashara. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za barua baina ya Calcutta na Rangoon, na katika miaka ya 1870 meli zake zikafika Unguja. Huko alijenga urafiki na Sayyid Barghash. Mazungumzo yao ya kwanza kuhusu kukodishwa bara yalivunjika mwaka 1878. Ya pili yalifaulu mwaka 1887, Sultani alipoikabidhi jamii ya Mackinnon utawala wa sehemu ya pwani. Tarehe 3 Septemba 1888, Malkia Victoria aliipa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki hati ya kutawala.

Mwaka huohuo, kampuni hiyo ya watu binafsi ilitoa sarafu zake zenye jina la Mombasa. Zilikuwamo rupia za fedha na pesa za shaba, ambazo 64 zilitimiza rupia moja. Pesa ndiyo iliyonunua vitu vidogo vya sokoni. Juu yake ilichorwa mizani pamoja na neno la Kiarabu lenye maana ya uadilifu.

Mizani ya kampuni yenyewe haikusimama sawa. Gharama za Uganda zilishinda mapato, na mnamo Machi 1893 kampuni ikajiondoa huko. Mackinnon alifariki London tarehe 22 Juni mwaka huo. Mwaka 1895 kampuni ilikabidhi himaya yake kwa serikali ya Uingereza kwa fidia ya pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika hazina ya Zanzibar: Sultani alitozwa fedha ili pwani yake mwenyewe ipite mikononi mwa wengine.

Hesabu hiyo haikuishia pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ilidai kodi ya nyumba kwa rupia, na wafugaji waliohesabu mali yao kwa ng'ombe wakalazimika kuitafuta sarafu, wengi kwa kufanya kazi za wageni.

Leo sarafu za mwaka 1888 zimo mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Mizani ingali inaonekana juu ya shaba. Uadilifu uliotajwa hapo ni ahadi ambayo aliyeitoa hakuilipa.