Henry Ford

Henry Ford (30 Julai 1863 – 7 Aprili 1947) alikuwa mhandisi na mfanyabiashara wa Marekani, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Ford. Anajulikana kwa magari, lakini ufundi aliuanza kwenye saa, kwa kujifurahisha tu.

Alizaliwa shambani karibu na Dearborn, jimbo la Michigan. Mama yake alifariki mwaka 1876. Kipindi hichohicho alipata saa ya mfukoni, na alipofika umri wa miaka 13 aliweza kuunganisha saa iliyofunguliwa ikaenda sawasawa. Miaka miwili baadaye alitengeneza karibu kila hitilafu. Vifaa vyake vilikuwa duni. Husimuliwa kuwa bisibisi yake ilikuwa msumari uliopigwa tupa. Fundi saa wa barazani, awe Kilosa au Mikumi, hatashangaa. Baba yake alitaka awe mkulima.

Mwaka 1879 alihamia Detroit. Mchana alifanya kazi karakanani, na kwa kuwa ujira haukutosha chakula na malazi, usiku alitengeneza saa kwa sonara.

Mwaka 1883 reli za Marekani zilianza kutumia saa za pamoja badala ya kila mji kufuata jua lake. Detroit tofauti ilikuwa kama dakika 28. Ford aliunda saa yenye nyuso mbili, moja ya reli na nyingine ya mahali, na majirani waliistaajabia. (Kwetu Reli ya Kati nayo hupita Kilosa, na msemaji wa Kiswahili anayetazama saa iliyoandikwa 7 akasema saa 1 hufanya hesabu ya namna hiyo kila siku, kwa tofauti ya saa 6.)

Aliwahi kupanga kiwanda cha saa 2,000 kwa siku, kila moja kwa senti 30 hivi. Aliacha kwa kuona kwamba saa si hitaji la kila mtu. Wazo la kutengeneza kitu kimoja kwa wingi na kwa bei nafuu alilihamishia kwenye gari la Model T (1908). Hadi mwaka 1927 yalitengenezwa zaidi ya milioni 15.

Doa lake kubwa ni gazeti lake, Dearborn Independent, lililoeneza chuki dhidi ya Wayahudi miaka ya 1920.

Katika makumbusho aliyoanzisha Dearborn limo duka la saa la Grimm, lililohamishwa kutoka Detroit, ambako kijana Ford alikuwa akinunua vipuri.