Alibhai Mulla Jeevanjee: Mwenye Gazeti Aliyegeukwa na Gazeti Lake

Mwanafunzi, ukishuka matatu kutoka Mashimoni, Kibera, ukaingia katikati ya jiji, utaipata bustani kati ya Moi Avenue na barabara ya Muindi Mbingu. Umewahi kujiuliza Jeevanjee alikuwa nani?

Alizaliwa Karachi mwaka wa 1856 katika jamii ya Mabohora. Hakusoma sana. Alifanya biashara hadi Australia kabla ya kutia nanga Mombasa mwaka wa 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, yeye alikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Ni reli hiyohiyo inayopita Kibera.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha gazeti la Kiingereza Mombasa, African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka wa 1905 aliliuza kwa Wazungu. Hapa tua kidogo. Wanunuzi walilipa jina jipya, East African Standard, na baadaye wakalihamishia Nairobi, likawa sauti ya walowezi: wale waliodai Wahindi wasimiliki ardhi katika nyanda za juu. Basi chombo alichokiunda mwenyewe kikawapigia debe wapinzani wake. Katika mtihani hiyo huitwa kinaya, na watahiniwa wengi huikosa kwa sababu hukimbilia kuorodhesha tarehe.

Mwaka wa 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Alikuwa peke yake, na sauti moja haipitishi hoja. Mwaka wa 1910 alikwenda London kulalamikia ubaguzi moja kwa moja. Huko alipendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na milki ya India. Usimpambe kupita kiasi: Mwafrika, mwenye nchi, hakuulizwa katika pendekezo hilo. Ukiulizwa ujadili tabia yake, taja ujasiri huo na upofu huo pamoja. Mwaka wa 1914 East African Indian National Congress ilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Alifariki mwaka wa 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Bustani aliyoutolea umma mwaka wa 1906, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria (ajabu ya mtu aliyebaguliwa na serikali ya milki hiyo!), ilibaki. Mwaka wa 1991 palikuwa na mpango wa kujenga hapo jengo la maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukaachwa. Sanamu iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka wa 2015. Gazeti nalo bado linauzwa mitaani, kwa jina la The Standard.