Mtumwa Aliyeandika Habari Zake kwa Mkono Wake

Frederick Douglass hakuijua siku aliyozaliwa. Alipofariki dunia huko Washington tarehe 20 Februari 1895, jina lake lilikuwa likijulikana Marekani na Ulaya, lakini mwenyewe alikadiria tu kwamba alizaliwa mwaka 1817. Wanahistoria waliokuja baadaye ndio waliogundua kuwa alizaliwa Februari 1818. Habari hiyo waliikuta katika daftari la Aaron Anthony, bwana wake wa kwanza, ambaye aliwaandika watumwa wake kama mtu aandikavyo mali yake. Basi umri wa mtu ulikuwa ukijulikana na bwana wake, naye mwenyewe hakuujua, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana. Yafaa tuyatazame maisha ya mtu huyu, tuone jinsi alivyoitwaa kalamu hiyo na kazi aliyoifanya nayo.

Alizaliwa katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland. Mama yake, Harriet Bailey, alitumikishwa katika shamba jingine, na ili amwone mwanawe ilimpasa kutembea usiku baada ya kazi na kurudi kabla ya mapambazuko. Alikufa mtoto akiwa na umri wa miaka kama saba. Mwaka 1826 mtoto huyo alipelekwa katika mji wa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Mke wa Auld, Sophia, alikuwa hajapata kumiliki mtumwa, akaanza kumfundisha herufi kwa moyo mwema. Mumewe alipopata habari alimkataza mara moja, akamweleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatatawalika tena. Mtoto alikuwapo, akayasikia maneno hayo. Tangu hapo alitambua kwamba nguvu ya bwana haikuwa katika kiboko peke yake. Kilichomtisha bwana ndicho alichokusudia kukipata.

Akajifunza kwa siri. Alipotumwa njiani alichukua mkate, akawapa watoto maskini wa Kizungu, nao wakampa masomo. Katika kiwanda cha kuunda merikebu aliwaona mafundi wakitia herufi juu ya mbao ili kuonyesha upande ambao kila ubao utawekwa, naye akajifunza kuziandika herufi hizo. Akazifuatisha pia maandishi ya mtoto wa bwana katika madaftari yaliyokwisha kutumika. Alipokuwa na miaka kama 12 alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba, ambamo mliandikwa mazungumzo baina ya mtumwa na bwana wake, na mtumwa akamshinda bwana kwa hoja hata akaachiwa huru. Kusoma huko hakukumletea raha. Kwanza kulimzidishia uchungu, maana sasa aliifahamu dhuluma aliyotendewa, na njia ya kuiepuka alikuwa hajaiona.

Lakini elimu hiyo hakuiweka peke yake. Aliporudishwa mashambani alisaidia kuwafundisha wenzake kusoma Biblia siku za Jumapili. Watu waliokuja na fimbo kuivunja shule hiyo walikuwamo viongozi wa kanisa. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni yatupasa kulikumbuka jambo hilo bila kulifunika. Baadaye, katika shamba la William Freeland, alianzisha shule nyingine, na wakati mmoja wanafunzi wake walizidi 40. Mwaka 1836 aliwaandikia wenzake na nafsi yake vyeti vya ruhusa ya safari kana kwamba vimetoka kwa bwana, wapate kutoroka. Siri ikatoka, wakatiwa jela, vyeti vikatupwa motoni na vingine vikaliwa ili visiwe ushahidi.

Alirudishwa Baltimore, akawa fundi wa kutia kalafati katika merikebu, na sehemu kubwa ya ujira wake ikachukuliwa na bwana. Tarehe 3 Septemba 1838 alivaa mavazi ya baharia, akachukua hati aliyoazimwa na rafiki yake baharia, akapanda gari la moshi, akafika New York. Aliyemsaidia kwa fedha ni Anna Murray, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, ambaye alimwoa siku chache baadaye. Anna hakuwa na kisomo kama cha mumewe. Hivyo asidhani mtu kwamba ukombozi ni kazi ya wasomi peke yao.

Mwaka 1841 Douglass alianza kuhutubia mikutano ya chama cha kupinga utumwa katika jimbo la Massachusetts. Kwa vile alivyosema kwa ufasaha, wako walionong'ona kwamba mtu kama huyo hakupata kuwa mtumwa. Baadhi ya rafiki zake Wazungu nao walitaka asimulie mateso yake tu, na maelezo ya maana yake awaachie wao. Jibu lake lilikuwa kitabu cha maisha yake kilichotolewa Boston mwaka 1845, na katika anwani yake iliandikwa wazi kwamba amekiandika mwenyewe. Humo aliwataja mabwana na wanyapara kwa majina, na mashamba na miji kwa majina. Katika miezi minne ya kwanza viliuzwa vitabu vipatavyo 5,000.

Tuipime gharama ya ukweli huo. Kwa sheria ya Marekani ya siku zile Douglass alikuwa bado mali ya watu, na kwa kuyataja majina aliwaonyesha waliodai kummiliki mahali alipo. Ilimbidi akimbilie Ayalandi na Uingereza, akakaa huko karibu miaka miwili, mpaka rafiki zake wa huko walipochanga pauni 150 mwaka 1846 wakamnunulia uhuru wake. Aliporudi alianzisha gazeti lake mwenyewe katika mji wa Rochester mwaka 1847. Wakati wa vita vya Marekani aliwahimiza watu weusi waingie jeshini, na wanawe wawili wakaenda. Utumwa ulifutwa kwa katiba ya nchi hiyo mwaka 1865.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo katika kitabu kile hakuliandika, nalo ni namna alivyotoroka. Alijua kwamba akiieleza njia hiyo, mabwana wangeiziba, na walio nyuma yake wangekamatwa. Akaificha kwa miaka mingi, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1881, utumwa ulipokuwa umekwisha. Mwandishi huyu alikuwa jasiri wa kutaja yaliyomhatarisha yeye, akawa mwangalifu wa kunyamazia yaliyowahatarisha wengine. Sisi wa kazi ya magazeti tungeyashika hayo mawili.

Pwani yetu nayo iliujua utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na vijana waliookolewa katika majahazi walifundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misheni ya Kiungani. Baadhi yao waliandika habari za kutekwa kwao, zikatolewa kwa Kiingereza huko London mwaka 1887. Ni akiba njema, lakini ni ndogo mno tukiwafikiria maelfu waliopita njia za misafara hata Bagamoyo na Kilwa wasiache hata mstari mmoja.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Kisomo kile kisiishie katika kutia sahihi na kusoma mizani ya pamba. Wako wazee wanaokumbuka mashamba ya mkonge, kodi ya kichwa na kazi za kulazimishwa, nao wanapungua kila mwaka. Shule, makanisa, misikiti na matawi ya Chama yawape daftari, na asiyeweza kuandika aandikiwe na mjukuu wake, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na majina ya watu, mahali na miaka. Yasipoandikwa na sisi, yatakayobaki ni yale yaliyoandikwa na waliotutawala.