Maisha ya John Boyd Orr, Mchunguzi wa Chakula

Nyumbani kwetu si mbali na Grande Barrière, hapa Gisenyi, pale barabara ya kando ya Ziwa Kivu inapovuka mpaka kwenda Goma. Mama yangu huuza sambaza. Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba mifupa yataka kalsiamu, na kwamba samaki wadogo wanaoliwa na miiba yao wanayo nyingi. Nilirudi nyumbani nikamwuliza mama kwa ukali kwa nini sisi twala viazi vitupu, hali sambaza wamejaa karaini. Mama hakunijibu. Jibu nililipata baadaye, niliposoma habari za mtu mmoja, nami napenda kuwasimulia wenzangu.

John Boyd Orr alizaliwa Scotland mwaka 1880. Alipokuwa kijana alipelekwa kufundisha katika mtaa wa maskini mjini Glasgow, akaona watoto wakija shuleni na njaa. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Baadaye alisomea udaktari, na mwaka 1914 akaenda Aberdeen kuanza kazi ya uchunguzi wa lishe. Vita Kuu ilipotokea alitumikia kama daktari wa askari.

Alianza kwa kuchunguza wanyama. Aliona kwamba ng'ombe na kondoo wakila majani yaliyopungukiwa kalsiamu na fosforasi hawakui vema. Kisha akageukia watu. Mwaka 1931 yeye na Daktari Gilks walitoa taarifa kuhusu Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wanaume wa Kimasai, wanywao maziwa kwa wingi, waliwazidi wanaume wa Kikuyu, walao nafaka zaidi, kwa kimo cha inchi 5 hivi na uzito wa ratili 23. Lakini wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila majani mabichi yenye kalsiamu, ambayo waume zao hawakuyajali. Wataalamu wa siku hizi husema kwamba tofauti ile ya vimo haikutokana na chakula peke yake; hata hivyo, uchunguzi ule uliwaamsha wengi.

Huko Scotland nako, watoto wa shule waliopewa maziwa kila siku walikua upesi kuliko wenzao. Mwaka 1936 Orr alitoa kitabu kilicholinganisha chakula cha watu na mapato yao. Kilionyesha wazi kwamba maskini hukosa kalsiamu na vyakula vingine vya lazima kwa sababu mfuko hautoshi, wala si kwa ujinga tu. Mwaka 1945 akawa mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 1971, umri wake miaka 90.

Wenzangu, katika kila sehemu 100 za kalsiamu mwilini, 99 zimo katika mifupa na meno. Chakula kikipungua, damu huichukua humo humo mifupani. Kwa hiyo tusidharau dodo wala sambaza.

Nilipomaliza kusoma nilimwomba mama radhi, maana wale sambaza wa karaini ndio karo yangu. Tangu hapo tumepatana: wakubwa huuzwa, na wadogo wasio na bei, kikombe kimoja, hubaki kwa ajili ya wadogo zangu.