Maisha ya Al-Jazari, Fundi wa Mashine Zijiendeshazo

Siku hizi katika miji yetu ya pwani wako vijana wapendao kuunda mashine ndogo zijiendeshazo zenyewe, ndizo ziitwazo roboti. Kijana huchukua mota ya kichezeo kilichovunjika, magurudumu ya kigari cha mtoto, betri ya simu iliyotupwa na vipande vya redio kuukuu, akakesha navyo mpaka kitu kile kikatembea chenyewe sakafuni. Juu ya kazi hii watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba huo ni upuuzi na kupoteza wakati. Kundi la pili husema kwamba jambo lenyewe ni zuri, lakini si la watu wa mifuko mitupu. Hilo ni la nchi zenye mali na vyuo vikubwa. Sisi twaona yakwamba makundi yote mawili yamekosa, na katika kulionyesha kosa lao hatukupata njia iliyo bora kuliko kuyaeleza maisha ya mtu mmoja katika Waislamu wa kale, aliyeziunda mashine za namna hii zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Jina lake ni Badiu-z-Zaman Abul-Izz Ismail bin ar-Razzaz al-Jazari. Badiu-z-Zaman ni lakabu ya heshima, maana yake ajabu ya zama zake. Al-Jazari ni nisba ya Al-Jazira, nchi ya juu iliyo baina ya mito miwili, Dijla na Furati, ambayo leo imegawanyika baina ya Uturuki, Shamu na Iraki. Na razzaz kwa Kiarabu ni muuza mchele. Basi mtu huyu, ambaye jina lake hutajwa leo katika vyuo vya uhandisi vya mashariki na magharibi, hakunasibishwa na waziri wala amiri. Alinasibishwa na muuza mchele.

Aliishi katika karne ya 12 ya miladi, zama za Sultani Salahuddin. Mwaka 570 wa Hijra, sawa na 1174 au 1175, aliingia katika utumishi wa ukoo wa Artuki, watawala wa Diyar Bakr. Aliwatumikia wafalme watatu mmoja baada ya mmoja: kwanza Nuruddin Muhammad bin Qara Arslan, kisha mwanawe Qutbuddin Sukman, kisha nduguye Sukman, Nasiruddin Mahmud, aliyetawala tangu mwaka 1200. Mji wa Amid, ambao leo waitwa Diyarbakir, ulitekwa na Salahuddin mwaka 1183 naye akampa Nuruddin, na huko ndiko Al-Jazari alikofanya kazi zake kubwa. Cheo chake kilikuwa mkuu wa mafundi. Alitumikia zaidi ya miaka 25, na katika muda wote huo hakutoka mikononi mwake tupa, nyundo wala bikari.

Mfalme Nasiruddin alipoona kwamba vitu vile vya ajabu havina mfano, na kwamba fundi akifa elimu yake itazikwa pamoja naye, alimwamuru ayaandike yote aliyoyavumbua na namna alivyoyatengeneza. Hapo ndipo Al-Jazari alipotunga kitabu chake juu ya elimu ya vyombo vya hila za kihandisi, akakimaliza mwaka 602 wa Hijra, sawa na 1206. Ndani yake mna vyombo 50 katika mafungu sita: saa kumi, vyombo kumi vya karamu, kumi vya kutawadhia na kupimia damu ya kuumika, kumi vya chemchemi na filimbi, mashine tano za kuinulia maji, na vitu vitano vya namna mbalimbali, kama vile mlango wa shaba wa kasri ya Amid. Kila kimoja kimechorwa, na kila kipande kimetiwa herufi yake, ili fundi mwingine akitaka kukiunda aweze.

Jambo la kwanza la kutazamwa katika maisha yake ni njia yake ya kutafuta elimu. Alivisoma vitabu vya waliomtangulia: vilivyonasibishwa na Archimedes wa Wayunani, na vya Banu Musa, wale ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya 9. Aliwaheshimu wote, lakini hakumfuata hata mmoja kwa kufumba macho. Alishika yakwamba elimu ya ufundi ambayo haijatendwa kwa mkono imening'inia baina ya kweli na uongo, na haijulikani ni ipi mpaka ijaribiwe. Ndugu msomaji, lau kanuni hii tungaliishika katika mambo yetu, tungalijiepusha na makosa mengi.

Tutoe mfano mmoja, nao ni wa saa, jambo ambalo watu wa pwani watalifahamu upesi. Sisi twahesabu saa kutoka macheo: saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili jua linapokuchwa. Watu wa Amid nao walihesabu saa kumi na mbili baina ya macheo na machweo. Lakini kwetu mchana hauzidi wala haupungui sana mwaka mzima, na kule mchana wa kiangazi hupita saa 14 za saa zetu za mkononi, na wa kipupwe haufiki saa 10. Wao waliugawanya mchana wote mafungu kumi na mawili, uwe mrefu au mfupi. Kwa hiyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu, na saa ya kipupwe fupi. Basi mwenye kuunda saa ya maji alipaswa kuyafanya maji yatoke polepole siku ndefu, na upesi siku fupi.

Watu wa kale walisema kwamba njia yake ni kuligeuza tundu la maji juu ya nusu duara iliyogawanywa kwa buruji za mwaka. Tundu likishushwa chini, maji hutoka kwa nguvu. Likipandishwa juu, hutoka kwa udhaifu. Jina la Archimedes lilitosha kuwafanya wengine wanyamaze. Al-Jazari aliiunda nusu duara ile, akayapima maji, akaona haisemi kweli. Akajaribu mara nyingine na nyingine, mwisho akaiacha, akatengeneza duara kamili, na alama zake akazitia kwa kupima maji yenyewe. Hakumtukana aliyemtangulia, alimsahihisha, akaeleza kwa nini.

Jambo la pili ni vitu alivyotumia. Mtu akitazama picha za vyombo vyake, akaona ndovu, kozi, tausi na watumishi wenye mavazi ya rangi, hudhani kwamba siri yao ni mali ya mfalme. Sivyo. Ukizivua rangi na mapambo, utakuta ndani yake ndoo ya shaba, chelezo kinachopanda na maji, kamba, kapi, vitufe vya chuma, na kopo linalopinduka lenyewe likijaa. Vitu hivi vilikuwa katika kila karakana ya mfua shaba na kila kisima. Mali ya mfalme ilinunua uzuri wa nje. Mwendo ulitoka katika vitu vya bei ndogo na akili ya fundi.

Na katika kuvitumia alikuwa na hadhari kubwa. Kabla ya kukata shaba, alifanya kielelezo cha karatasi ili kosa lionekane mahali ambapo halina gharama. Mbao alizigandisha tabaka juu ya tabaka ili zisipindike. Tundu la maji hakulitoboa kwa kubahatisha. Alilitoboa dogo, akalipanua kidogo kidogo, na kila mara akapima maji yatokayo, mpaka likasadifu. Vilango vya maji alivisugua kimoja juu ya mwenziwe kwa unga wa jiwe gumu, hata lisipenye tone. Kijana mwenye mfuko mwembamba na akisikie hiki: mwenye mali akikosea hununua kingine, lakini asiyekuwa nayo huokolewa na kipimo.

Saa ya ndovu ni mashuhuri kuliko vyombo vyake vyote. Ndani ya tumbo la ndovu mna birika la maji, na juu ya maji yale huelea bakuli lenye tundu dogo chini yake. Maji huingia bakulini polepole, na kila nusu saa bakuli hujaa likazama. Linapozama huvuta kamba, na kamba hufungua kitufe kilichoko juu. Kitufe hutoka mdomoni mwa kozi, kikaangukia kinywani mwa nyoka. Nyoka akalemewa na uzito, akainama, na katika kuinama kwake akalivuta bakuli likarudi juu ya maji. Kisha kitufe huanguka na kulia, nyoka akarejea mahali pake, na mwendesha ndovu akapiga kwa mkono wake. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Mashine imejizindua, imefanya kazi yake, na imejiandaa kwa nusu saa ijayo.

Chombo kingine ni mashua yenye sanamu za wapiga ngoma na vinanda, iliyoelea juu ya maji ya kasri. Maji yalipomwagika juu ya gurudumu, mhimili wenye vigingi ulizunguka, na kila kigingi kilibonyeza mkono wa mpigaji. Wataalamu wa zama zetu wanaona ya kuwa vigingi vikipangwa vingine, na mapigo hubadilika. Na hili ndilo jambo lenyewe katika roboti ya leo, kwamba mashine ni ile ile na amri zake zaweza kubadilishwa.

Juu ya hukumu ya sanamu, hilo lina mahali pake kwa maulamaa, na hapa twazungumza habari za ufundi. Wala hatutaficha kwamba mashua ile na vyombo kumi vya karamu vilitumika katika vikao vya ulevi vya wafalme. Hiyo ni aibu ya vikao vile, na ni ibra kwetu: elimu kubwa yaweza kutiwa katika jambo dogo au jambo baya, ikiwa mwenye amri hana haja nyingine nayo. Lakini mfalme Nasiruddin alichukia pia kumwagiwa maji ya udhu na mtumishi au mjakazi, akamtaka fundi wake chombo kitakachomtosheleza. Al-Jazari akaunda mtumishi wa shaba mwenye birika, amwagaye maji kwa kipimo, kisha akampa mfalme kitambaa cha kujifutia. Mikono ile ile na vipande vile vile. Tofauti ni makusudio.

Na faida iliyo kubwa kuliko zote imo katika fungu la tano. Humo mna mashine za kuinulia maji, moja katika hizo ikiwa na fito iliyopindwa inayogeuza mzunguko ukawa mwendo wa kupanda na kushuka, nayo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo ijulikanayo ya jambo hilo katika mashine. Nyingine ni bomba la mitungi miwili, linaloendeshwa na gurudumu la mtoni, mtungi mmoja ukivuta maji na wa pili ukiyasukuma juu. Mwendo wa namna hii, wa mhimili na fito, umo katika injini za motokaa zinazopita mbele ya milango yetu. Aliyedhani kwamba fundi yule alicheza tu na wanasesere hakukifungua kitabu mpaka mwisho.

Al-Jazari alifariki karibu na wakati ule ule alipokimaliza kitabu chake. Nakala ya zamani kabisa tuliyo nayo, iliyomo katika maktaba ya Topkapi mjini Istanbul, ilinakiliwa mwaka huo huo wa 602, na mwandishi wake alimtaja kama mtu aliyekwisha kurehemiwa. Mwaka 1974 kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mhandisi Donald Hill. Mwaka 1976 saa yake kubwa iliundwa upya kwa kuyafuata maelezo yake na kuwekwa katika nyumba ya makumbusho ya sayansi mjini London, ikafanya kazi. Na huko Dubai, ambako wengi wetu huenda kwa biashara, mfano wa saa ya ndovu umesimamishwa ndani ya soko kubwa lililoitwa kwa jina la Ibn Battuta. Watu hupita wakapiga picha. Wachache huuliza ni nani aliyeifikiri.

Hiyo ndiyo tarehe ya mwana wa muuza mchele. Basi anayesema kazi ya kijana wake ni upuuzi, na atazame: chelezo na kigingi vilivyochezesha sanamu ni ndugu wa bomba linalonywesha mashamba. Na anayesema kazi hii ni ya matajiri, na azingatie kwamba kipande cha karatasi kilitangulia kila shaba iliyokatwa. Mzazi asiyekuwa na fedha ya kununua vyombo anaweza kumpa mtoto wake pembe moja ya nyumba, taa, na ruhusa ya kukosea. Na kijana naye asitosheke na kukifanya kitu kikatembea; ajiulize kitamfaa nani, aandike alivyokifanya, na amwonyeshe mwenziwe, kwani lau Al-Jazari hakuandika, leo tusingalikuwa na la kusimulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu fundi huyu, na atujaalie kuwa watu wa elimu na amali.